Mashine ya Kugawa Dawa: Star Trek Walianza Vizuri, Wakatukimbia Mwishoni

 

Najua wapo watakaocheka. Watu wanajadili katiba, uraia pacha na bei ya umeme, halafu huyu dada anakuja na habari za meli za anga za juu. Chekeni tu, lakini msome mpaka mwisho. Nataka tuzungumze kuhusu kipande kimoja cha Star Trek: Voyager kinachoitwa "Critical Care", kilichoonyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani Novemba 1, 2000. Mimi ni nesi, shahada yangu niliipata nyumbani Tanzania, na sasa nafanya kazi wodi ya mifupa hapa Uingereza, wodi iliyojaa wazee waliovunjika nyonga. Star Trek naipenda tangu sekondari. Kipande hiki nimekiona zaidi ya mara kumi. Kila mara nusu saa ya kwanza natamani kusimama nipige makofi, na dakika kumi za mwisho natamani kuitupa rimoti dirishani.

Kwa wasioujua mfululizo huu: Voyager ni meli iliyotupwa upande wa pili wa galaksi, ambayo mwanzoni ilikadiriwa kuwa na safari ya zaidi ya miaka sabini kufika kwao, na waliomo ndani kila siku wanahesabu umbali uliobaki. (Sishangai kwa nini sisi tulio nje tunaipenda.) Daktari wao si mtu. Ni hologramu, programu ya kompyuta yenye umbo la binadamu, inayoigizwa na Robert Picardo. Hana hata jina, wanamwita Daktari basi. Katika kipande hiki tapeli mmoja aitwaye Gar anamwiba na kwenda kumuuza kwa meneja wa hospitali inayoelea angani kwenye sayari nyingine kabisa. Daktari anawashwa, anafumbua macho, anajikuta katikati ya wodi yenye majeruhi kila kona, madaktari wachache waliochoka, na dawa hakuna. Wodi hiyo inaitwa Red. Juu yake ipo nyingine inaitwa Blue.

Hapo ndipo kisa kinapoanza. Kila mgonjwa katika jamii ile ana namba yake inayoitwa TC, yaani kiwango cha matibabu anachostahili. Namba inapigwa na mashine, mimi nitaiita Mgawaji, kwa kuangalia kazi ya mtu, ujuzi wake na faida yake kwa jamii. Mwenye namba kubwa anapelekwa Blue: vitanda vyeupe, hewa safi, madaktari wanaoongea kwa sauti ya chini. Mwenye namba ndogo anabaki Red. Na kuna dawa moja ambayo huko Blue watu wanachomwa kila siku ili mishipa yao isizeeke, watu ambao hawaumwi. Dawa hiyohiyo ingemponya kijana mmoja wa Red anayeitwa Tebbis, ambaye virusi vinammaliza taratibu. Hapewi. Namba yake haifiki.

Sasa naomba niseme kwa nini nusu saa ile ya kwanza ni kitu bora kuliko tamthilia zote za hospitali nilizowahi kuona, zikiwemo zile za madaktari wazuri wa sura wanaobusiana kwenye lifti. Hakuna shetani mle ndani. Daktari wa Blue, Dysek, si katili. Ni mtu mpole, anajali wagonjwa wake, anafuata taratibu, na hajashuka Red siku nyingi. Daktari wa Red, Voje, ni kijana ambaye zamani alikuwa na moyo, sasa amejifunza kutouliza. Mashine haipigi kelele wala haitukani mtu. Inasema tu kiasi kilichoidhinishwa. Mliofanya kazi hospitali mnanielewa. Mimi nimefanya kazi na akina Dysek nyumbani, na nimefanya nao kazi hapa, na wengine ni watu ambao ningewakabidhi mtoto wangu.

Kuna hata jambo dogo ambalo aliyeliandika lazima alikaa na manesi. Daktari akihamishiwa Blue anamweleza mwenzake kwamba wakitumia dawa kidogo mwezi huu, Mgawaji atawakatia mwezi ujao. Basi wanaagiza zaidi ya mahitaji ili fungu lisipungue, na Daktari anapata ziada ya kuiba na kuipeleka Red. Jamani! Nani kati yetu hajaona mwisho wa mwaka wa fedha, idara inanunua viti ambavyo hakuna wa kuvikalia ili bajeti isirudi?

Lakini kilichonikalisha kitako ni jambo jingine, ambalo wengi wanaokipenda kipande hiki wanalipita. Meneja wa hospitali, Chellick, si mwenyeji. Ni mtu wa kuja. Jamii ile ilikuwa imekwama, watu wengi, rasilimali chache, mambo yameharibika, wakaletwa wataalamu wa utawala kutoka nje kuwapangia nyumba yao. Wataalamu ndio waliokuja na mpango wa namba. Na wenyeji wanashukuru! Voje anaeleza hivyo kwa heshima kabisa, kama mtu anayeeleza historia ya taifa lake.

Mnakumbuka kitu hapo? Sisi watoto wa miaka ya tisini tulizaliwa ndani ya kitu hicho. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa andiko lake la jinsi nchi maskini zinavyopaswa kugharimia afya, na ushauri mmojawapo ulikuwa mgonjwa atoe pesa. Kenya ikaanza kutoza Desemba 1989, ikalegeza mwaka 1990, kisha ikarudisha. Tanzania ikaanza mwaka 1993 kwa jina zuri la "kuchangia gharama", kuanzia hospitali kubwa. Mwaka huohuo wa 1993 Benki ya Dunia ikatoa ripoti yake maarufu juu ya afya, ikaleta kipimo cha kuhesabu miaka ya maisha inayopotea kwa ugonjwa na ulemavu. Mtaalamu akikueleza kipimo hicho utaona kina maana, na kweli kimesaidia kuonyesha maradhi gani yanaua wengi. Ila ndani yake waliweka uzito wa umri. Mwaka mmoja wa maisha ya mtu wa miaka 25 ulihesabiwa una thamani kubwa kuliko mwaka mmoja wa mtoto mchanga au wa bibi yako. Kwa nini? Kwa sababu wa miaka 25 ana tija na wengine wanamtegemea. Uzito huo uliondolewa kwenye hesabu mpya zilizotoka mwishoni mwa 2012. Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba TC ni ndoto ya watunga hadithi wa Hollywood. Miaka saba kabla ya kipande hiki kurushwa ilikwishachapwa kwenye ripoti yenye jalada zuri.

Na haijaisha. Kenya tangu Oktoba 2024 wana mpango mpya wa bima chini ya SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yake, ana choo gani, anapikia nini, halafu mashine inakisia kipato chake na kumpigia hesabu ya kulipa, chini kabisa shilingi 300 kwa mwezi. Sisemi ni sawasawa na Mgawaji. Huyu anaamua utoe nini, yule anaamua upewe nini. Lakini mama muuza mboga akiambiwa namba yake imetoka kubwa kuliko uwezo wake, akauliza imepatikanaje, anajibiwa nini? Mfumo umesema. Voje naye alikuwa na jibu hilohilo.

Naomba nieleweke. Sipingi kupanga foleni ya wagonjwa. Nesi anayesema hapangi foleni ni mwongo au hajawahi kuachiwa wodi usiku. Kila zamu naamua nani naenda kwake kwanza. Hata hapa Uingereza, wanakosema matibabu ni bure kwa wote, ipo taasisi iliyoanzishwa mwaka 1999, NICE, na kwa miaka mingi kipimo chake kilikuwa kwamba dawa mpya ikigharimu zaidi ya pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya inayouongeza, kuipitisha ni kazi ngumu. Huo nao ni ugawaji. Tofauti ni kwamba NICE inapima dawa, haimpimi mgonjwa ni nani. Mfagiaji na bwana mkubwa wakivunjika nyonga leo usiku, wote wanakuja kwangu, wote wanaingia chumba kilekile cha upasuaji, na chuma kilekile. Na uamuzi unaandikwa hadharani, unabishaniwa, wagonjwa wanakata rufaa. Kuuliza "nani anaumwa zaidi" ni uuguzi. Kuuliza "nani ana maana zaidi" ni kitu kingine kabisa, na kipande hiki kilikuwa na nafasi ya dhahabu kutenganisha mambo hayo mawili. Hakikufanya hivyo. Waandishi walijirahisishia kazi: huko Blue dawa zimejaa tele, kwa hiyo ukiiba kidogo ukashusha chini, mambo yanakwisha. Ingekuwaje kama huko juu nako zingekuwa chache?

Sasa nije kwetu, na hapa ndipo baadhi yenu mtanichukia.

Mwaka 2022 mama yangu mdogo alianguka bafuni akavunjika nyonga. Akapelekwa hospitali moja ya mkoa, jina naliacha. Nilipigiwa simu niko zamu ya usiku, saa tisa kasoro. Binamu yangu akasema: "Dada, wameandika vyuma. Vyuma tununue wenyewe." Nikauliza bei, nikaenda chumba cha kupumzikia, nikatuma kwa simu. Mama mdogo alifanyiwa upasuaji siku ya nne, akasimama na fremu ya kutembelea baada ya wiki.

Kitanda cha pembeni alikuwepo bibi mwingine, umri uleule, mvunjiko uleule. Nilimwona kwenye picha za video za simu, mguu umevutwa na uzito uning'inizwe pale mwisho wa kitanda. Hiyo ndiyo tiba ya asiye na vyuma: unalala chali wiki sita, wiki nane, mpaka mfupa uunge wenyewe ukipenda. Mimi ndiyo kazi yangu hii, kwa hiyo najua nini kinampata mzee anayelala chali wiki nane. Vidonda vya mgongo. Kichomi. Damu kuganda mguuni na kupanda kwenye mapafu. Hapa kwetu tunapambana apasuliwe ndani ya saa thelathini na sita, na hata hivyo tunawapoteza wengi ndani ya mwaka. Manesi wa wodi ile walikuwa wawili kwa wagonjwa zaidi ya arobaini, na siwalaumu hata kidogo. Nilimuuliza binamu yangu baadaye kuhusu yule bibi. Akanijibu: "Yule? Walimchukua nyumbani." Akaendelea na habari nyingine.

Hakuna aliyemwandikia bibi yule namba. Hakukuwa na mashine, wala Chellick aliyekaa ofisini na kalamu nyekundu. Ila TC yake ilijulikana na kila mtu wodini tangu siku ya kwanza, na ilikuwa na swali moja tu: ana mtu nje?

Huo ndio ukweli ambao hatupendi kuusema katika mikutano yetu. Kwetu, kipimo cha matibabu ni sisi. Mwenye mtoto Leicester, mwenye kaka Muscat, mwenye shangazi Minnesota, huyo ni Blue. Asiye na mtu ni Red. Mgawaji wao anatumia umeme, wetu anatumia simu zetu za usiku. Tunajisifu kwa kutuma pesa, na kutuma ni wajibu, nitatuma tena kesho nikipigiwa. Lakini kila tunapotuma kimyakimya bila kuuliza kwa nini vyuma havipo stoo, tunamwondolea mtu fulani kero ya kujibu. Hospitali inayojua kwamba nusu ya ndugu watapata pesa kutoka nje haina haraka ya kuweka vyuma kwenye mpango wake wa mwaka. Sisi ndio tunaoifanya Red ivumilike kwa wenye sauti, na wenye sauti wakishahamia Blue, nani anabaki kupiga kelele?

Nawasikia mnasema, si kuna msamaha kwa wasiojiweza? Upo. Ofisi ya ustawi wa jamii inaandika barua, na kwa sheria za kuchangia, watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito hawalipi. Muulizeni mama yeyote aliyejifungua kama hakwenda na glovu, pamba, wembe na beseni lake. Msamaha unasamehe malipo ya dirishani. Haukuletei chuma cha nyonga ambacho hakipo.

Turudi kwenye kipande chetu, kwenye zile dakika kumi zinazonichefua. Chellick anagundua mchezo wa dawa, anakata matibabu ya Red, na Tebbis anakufa. Daktari, aliyejengwa kwa kiapo cha kutomdhuru mgonjwa, anamchoma Chellick sindano yenye virusi vilevile vilivyomuua kijana. Kisha anaivuruga kumbukumbu ya damu yake ili Mgawaji amtambue kama Tebbis, mtu wa Red. Chellick anaumwa, anaomba dawa, mashine yake mwenyewe inamkatalia. Anasalimu amri, wagonjwa wa Red wanahamishiwa Blue. Hapohapo wenzake Daktari wanafika, wanamchukua, wanaondoka zao.

Watu wengi wanakibishia kipande hiki kwa sababu ya maadili: je, daktari anaweza kumwambukiza mtu maradhi kwa makusudi ili kuokoa wengine? Swali zuri, mimi ningefutwa kwenye daftari la manesi kabla ya chai ya saa nne. Lakini siyo kinachonichefua. Kinachonichefua ni kwamba sindano inafanya kazi! Waandishi wanataka tuamini kwamba ubaya wote ulikuwa ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo akionja, basi. Mgawaji amebaki palepale. Wodi mbili zimebaki palepale. Kesho ataletwa Tebbis mwingine mwenye namba ndogo. Nani atamchoma nani sindano?

Na kwetu sindano hiyo haiwezi kufanya kazi hata siku moja, kwa sababu Chellick wetu hatibiwi kwenye meli yetu. Anapanda ndege. Michael Wamalwa, makamu wa rais wa Kenya, alifia London mwaka 2003. Rais Mwanawasa wa Zambia alifia Paris mwaka 2008, na Rais Sata wa hukohuko Zambia akafia London mwaka 2014. Robert Mugabe alifia Singapore mwaka 2019. Muhammadu Buhari wa Nigeria, London, mwaka 2025. Hata Mwalimu wetu, ambaye namheshimu kuliko wote hao, pumzi yake ya mwisho ilitoka hospitali ya St Thomas' hapahapa London, Oktoba 14, 1999. Sisemi wangeachwa wafe. Kila mgonjwa anastahili tiba bora inayopatikana, na ningewauguza wote kwa mikono yangu. Nasema hivi: hata ukimwambukiza mkubwa wa kwetu kila gonjwa lililoko Red, mashine yake haitamkatalia kitu. Mwaka 2001 wakuu wa nchi zetu walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Nchi nyingi mpaka leo hazijafika. Wangeahidi wenyewe kutibiwa nyumbani, asilimia hiyo ingefikiwa kabla ya mwaka kuisha.

Kingine ni suala la wizi. Najua wapo wanaotumia kisa hiki kama hoja: mnaona, Daktari kaibwa, kauzwa, ndivyo Ulaya inavyotuibia manesi. Kaka zangu, taratibu. Mimi si programu. Sikuzimwa nikatiwa mfukoni. Nilimaliza chuo nikakaa nyumbani mwaka mmoja na nusu nikisubiri ajira, huku wodi niliyofanyia mafunzo ina nesi mmoja usiku. Tanzania iko kwenye orodha ya WHO ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi, nchi ambazo waajiri wa nje hawaruhusiwi kwenda kuzivua watu wake. Sawa kabisa. Nami hakuna aliyekuja kunivua, niliandika barua mwenyewe. Wakenya wao serikali yao ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kupeleka manesi wasio na ajira. Hebu jiulizeni, nchi inawezaje kuwa na upungufu wa manesi na manesi wasio na ajira kwa wakati mmoja? Kwa sababu nafasi zinafuata bajeti, na bajeti inafuata wataalamu wa akina Chellick, na ndugu wanaokaa pembeni ya kitanda usiku kucha wanaifanya kazi ya nesi bila mshahara. Ukimwita Mwingereza mwizi kisha ukanyamaza, umemsamehe aliyeacha mlango wazi.

Hata hivyo Voyager wenyewe nao wamenikwaza hapa. Meli imepoteza daktari wake wa pekee, na kinachotokea huko nyuma ni vichekesho. Harry Kim kaumia mchezoni. Kapteni Janeway anafuata nyayo za Gar kutoka kwa aliyetapeliwa mmoja hadi mwingine, na akishakamatwa, Neelix anamlisha chakula cha kumkoroga tumbo ili aseme. Tunacheka. Hakuna hata mtu mmoja anayekufa kwa kukosa daktari. Ningewapa waandishi wale wiki moja katika kituo cha afya ambacho mganga wake kaondoka, waone kama kuna wa kucheka. Na kitu kimoja zaidi, mnisamehe, ni cha kazi yangu: hospitali nzima ile hakuna nesi mwenye jina. Wagonjwa wa Red waligeuzwa na nani? Nani alimfumba macho Tebbis?

Lakini siwezi kukitupa. Kuna onyesho la mwisho kabisa, dakika chache tu. Daktari amerudi kwenye meli yake, amekaa, anamwomba Seven of Nine amkague programu yake ya maadili. Ana hakika kuna kitu kimeharibika ndani, maana alimchoma mtu maradhi kwa mkono wake. Seven anakagua na kumwambia hakuna hitilafu, yuko sawasawa. Na uso wa Picardo pale... Alitaka aambiwe ni mbovu. Angeambiwa ni mbovu angetengenezwa na kulala. Sasa ameambiwa ni mzima, na Red iko nyuma yake mbali, na hatarudi tena kuuliza waliendeleaje.

Kambi zetu za matibabu za wiki mbili nazo zinaishia hivyohivyo. Tunashuka uwanja wa ndege na fulana zinazofanana, tunapima presha mia tatu, tunatoa miwani, tunapiga picha, tunaondoka. Presha ile ilihitaji kidonge kila siku maisha yote. Nani anakitoa wiki ya tatu? Sijawahi kusikia kambi iliyorudi kuhesabu.

Mwezi ujao chama chetu cha mji huu kina mkutano, na ajenda kuu ni kontena la vitanda vya umeme vilivyotumika hapa. Vitanda hivyo navijua, nimevisukuma miaka. Mota ikiungua kule hakuna kipuri, na umeme ukikatika kimeinuka, kinabaki kimeinuka. Gharama ya kusafirisha kontena mnaijua. Nitasimama niulize mambo mawili, na naomba wenzangu mlioko Oman, Marekani na kwingineko mkayaulize kwenye vyama vyenu. La kwanza: kabla ya kontena kuondoka, hospitali inayolipokea itupe kwa maandishi mpango wake wa manunuzi wa mwaka huu, vyuma vya nyonga vingapi, vya nani, na kama ni sifuri waandike sifuri wapige muhuri. La pili: mbunge wa jimbo anapokuja London kututembelea, tukampikia biriani, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Atueleze bibi asiye na mtoto nje, aliyelala na mguu umening'inizwa, sheria hiyo inamfikiaje pale kitandani, na lini.

Mwenyekiti amekwishanidokeza kwamba maswali hayo yatamkasirisha mgeni rasmi. Nimemwambia biriani nitapika mimi.

Nawasilisha.